Mguu Ukiachia, Klachi Hushika: Maoni Kuhusu Maneno ya Gari la Gia za Mkono

Hivi karibuni tulisoma maelezo ya Kiswahili ya gari lililotangazwa kuuzwa kutoka Japani. Gari lenyewe lilikuwa Toyota Altezza, na maelezo yalisema kuwa lina "maambukizi ya mwongozo ya kasi sita". Msomaji asiyejua Kiingereza angedhani kwamba gari hilo lina maradhi, tena maradhi yanayofuata kitabu. Anayekijua Kiingereza itambidi arudi nyuma, atafsiri upya kichwani mwake, ndipo atambue kwamba mwandishi alikusudia kusema gari lina gia sita za mkono. Tafsiri ya namna hiyo, ambayo siku hizi hutolewa na mashine pasipo mtu kuipitia, haistahili kubishaniwa. Kiingereza hutumia neno moja kwa kuenea kwa ugonjwa, kwa kurusha matangazo ya redio, na kwa kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Mashine ikaokota maana ya kwanza iliyoikuta. Tumelitaja tangazo hilo kwa sababu nyingine. Tulipokaa kulisahihisha, sisi tunaojihesabu kuwa watu wa istilahi, sehemu za gari tuliziandika bila taabu: injini, giaboksi, klachi, usukani. Tulipofika kwenye kueleza dereva hufanya nini na sehemu hizo, kalamu ilisita.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mwaka 2021 sheria ilifanyiwa marekebisho nchini Tanzania ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo watumishi wa Serikali wamejikuta na wajibu wa kuandika kwa Kiswahili mengi yaliyokuwa yakiandikwa kwa Kiingereza. Miongoni mwa hayo yamo mambo ya barabarani, ambayo msingi wake ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Huko Uingereza mtu aliyefaulu mtihani wa udereva kwa gari la otomatiki haruhusiwi kwa leseni hiyo kuendesha gari la gia za mkono. Japani nayo ilianzisha leseni ya otomatiki peke yake mwaka 1991. Ofisa wetu atakayetakiwa kuandika tofauti kama hiyo kwa maneno yenye nguvu ya kisheria ataandika nini? Na kabla ya kufika kwenye sheria kuna vitabu vya mafunzo, kuna maelekezo ya watengenezaji, kuna taarifa za ajali, na kuna mwanafunzi aliyesimama mlimani huku lori limemfuata nyuma kwa hatua tatu.

Maneno tutakayoyajadili hatukuyakusanya mezani. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu tumekuwa tukikaa na Altezza, ile iitwayo RS200, na kabla ya hapo hatukuwahi kuendesha ila magari ya otomatiki. Gari hili lilitolewa Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Ulaya na Marekani liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Injini yake ni ya lita mbili, silinda nne, na katika gari la gia za mkono ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 210 ifikapo mizunguko 7,600 kwa dakika, nguvu ambayo hupelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Altezza ni neno la Kitaliano, cheo cha kuwatukuzia wana wa wafalme. Kwa kuwa taa zake za nyuma ziliigwa na mafundi wa nchi nyingi, jina la gari likageuka kuwa jina la taa, na katika Kiingereza cha wauza vipuri mtu aweza kununua "taa za Altezza" za gari lisilo Altezza. Hivyo ndivyo istilahi huzaliwa pale ambapo hakuna kamati.

Tuanze na jina la aina yenyewe ya gari, maana hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika. Zamani watu wetu walisema saluni, kwa kufuata Kiingereza cha Uingereza. Neno hilo siku hizi limetekwa na vinyozi na wasusi, na sentensi "ameliacha gari la saluni" ina maana mbili zilizo mbali sana. Sedani limeingia na halina mshindani. Hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni na "gari la michezo", tafsiri inayozidi kuonekana katika magazeti kwa gari la mwendo mkali. Kiunganishi -a, kinapofungamanisha gari na nomino nyingine, aghalabu huonyesha kazi ya gari hilo: gari la mizigo, gari la abiria, gari la wagonjwa, gari la zimamoto. Kwa sikio la Mswahili, basi, gari la michezo ni gari la kuchukulia wachezaji, au ni mali ya idara ya michezo, la sivyo ni kitu cha kuchezea watoto.

Gari la mbio, kwa upande wake, ni jina zuri lenye historia. Wakazi wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliyaona magari ya mbio kwa macho yao tangu mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1966, 1967 na 1968. Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na tena mwaka 1976. Shekhar Mehta alishinda kwa Datsun mara nne mfululizo, mwaka 1979 hadi 1982. Asili ya magari hayo ilikuwa ile ile ya magari ya watu wa kawaida, lakini katika siku zile za mashindano kazi yake ilikuwa mbio, na -a iliyastahili.

Altezza yetu haina kazi ya mbio. Kazi yake ni kutupeleka ofisini na kuturudisha, na mwisho wa mwezi kubeba gunia la mchele katika buti. Mbio ni sifa yake. Na kwa sifa, Kiswahili kina -enye na kina kitenzi kuwa na: mtu akiona gari likipita kwa kasi husema "gari lile lina mbio", wala hasemi kuwa ni la mbio. Twapendekeza, basi, sedani yenye mbio. Tunakiri kwamba jina hilo halichukui maana yote. Watengenezaji hukusudia pia usukani unaoitikia upesi, springi ngumu, na gari lililokaa chini. Na mambo hayo, katika mji wenye matuta kila baada ya nyumba kumi, mwenye gari huyajua kwa tumbo la gari linaloparuza tuta hata alipande kwa mshazari. Katika foleni ya saa kumi na moja jioni hatujapata kuikaribia ile mizunguko 7,600. Kwa muda mwingi tumekuwa na sedani yenye mbio isiyokwenda mbio, na sarufi inaruhusu kusema hivyo. Gari la mbio lisilokwenda mbio lingekuwa limekosa kazi.

Kuhusu gia zenyewe tutasema kwa ufupi. "Gia za mwongozo" ni kosa la kuona maana ya kitabu mahali palipokusudiwa mkono. "Gia ya fimbo", ambayo tumewahi kuikuta katika tafsiri ya hadithi ya Kimarekani, inafuata namna Wamarekani wanavyosema, lakini hata kwa historia yetu haifai: Peugeot 404 tulizozoea kuziona zilikuwa na mkono wa gia kandoni mwa usukani, wala hapakuwa na fimbo yoyote sakafuni. Wauzaji husema manyuo na oto, na hatuwakatazi. Katika maandishi, gia za mkono ni jina lililo tayari, limekaa pamoja na breki ya mkono na cherehani ya mkono, na hakuna fundi asiyelielewa. Linatosha.

Sasa tufike kwenye klachi, ambako ndiko tulikoaibika.

Aliyetufundisha ni mzee mmoja aliyeendesha malori kwa miaka mingi. Siku ya kwanza alitupeleka kwenye uwanja mtupu, akatuambia: "Kanyaga klachi. Ingiza moja. Sasa achia klachi pole pole, na likishika, ongeza mafuta." Tulikanyaga, tukaingiza, tukaachia, gari likaruka kama chura, likazima. Tulirudia mara nyingi. Mwishowe tulimwuliza, kwa lugha ya mtu wa kamusi: "Mzee, umetuambia tuachie klachi, tena unasema klachi ishike. Inaachia au inashika?" Mzee alitutazama kwa huruma, akasema: "Mwalimu, anayeachia ni wewe. Inayoshika ni yenyewe."

Katika sentensi hizo mbili limo jambo ambalo orodha nyingi za istilahi za magari hazikulishika. Ndani ya klachi mna sahani iliyobanwa kati ya gurudumu zito la injini na bamba la kuisukuma. Mguu unapokanyaga pedali, bamba huvutwa nyuma, sahani huwa huru, na injini huzunguka peke yake bila kulivuta gari. Mguu unapoinuka, bamba hurudi, sahani hubanwa, na injini na giaboksi huzunguka pamoja. Kwa hiyo vitendo vya mguu na vitendo vya sahani vinapishana daima: mguu ukikanyaga, klachi huachia, mguu ukiachia, klachi hushika. Kitenzi kuachia kinaweza kumaanisha jambo moja au kinyume chake kabisa, kwa kutegemea mtendaji ni nani. Dereva mzoefu hababaiki, maana mazungumzo hufanyika ndani ya gari na mguu upo. Katika maandishi mguu haupo.

Tumekutana na maelekezo yaliyotafsiriwa ambamo mlikuwa na sentensi hii: "Kabla ya kubadili gia, achilia klachi." Mtafsiri alikuwa na hoja: katika Kiingereza palisemwa kwamba klachi itenganishwe na injini, naye akaiona ile sahani ikiachia. Msomaji atauona mguu wake. Atainua mguu, kisha atalazimisha gia kuingia wakati injini bado imeshikana na giaboksi, na atakayofaidi ni mkwaruzo wa vyuma. Kama gari limesimama huku injini inaunguruma, na mbele kuna mtu, atakayofaidi ni mabaya zaidi. Kosa si la mtafsiri peke yake. Alifungua orodha ya istilahi akakuta nomino, klachi, na kandoni mwake hapakuwa na kitenzi hata kimoja.

Hapa ndipo tunapopenda kutoa lawama yetu, na tunajihesabu miongoni mwa wanaolaumiwa. Kwa muda mrefu kazi ya istilahi imeendeshwa kama kuhesabu vitu ghalani. Tunapopewa taaluma mpya tunaifungua kama injini, tunataja kila kipande, tunakipa jina, tunafunga daftari. Tumetumia vikao kujadili kama pedali ya mafuta iitwe eksileta au iundiwe jina kutokana na kitenzi chapuza, ilhali dereva yeyote husema "kanyaga mafuta" na shughuli ikaendelea. Nomino ndizo zinazotafsirika kwa urahisi, na ndizo zinazokopwa kwa urahisi: gia, klachi, breki, plagi, bampa, zote zimevaa irabu za mwisho na kuingia katika ngeli bila kuombewa kibali. Ujuzi wa kuendesha, hata hivyo, haumo katika nomino. Umo katika kukanyaga, kuachia, kushika, kuingiza, kuchomoa, kusikilizia, na katika yale yanayotokea pale mambo yanapokwenda kombo: gia kugoma kuingia, gia kuchomoka, klachi kuteleza, klachi kuungua. Maneno hayo yote tuliyasikia gereji na barabarani. Hatukuyakuta katika orodha.

Wajapani, ambao gari letu limetoka kwao, waliikopa nomino kama sisi, wakaiita kuratchi. Lakini vitenzi hawakukopa. Mguu ukikanyaga, husema klachi "inakatwa", kwa kitenzi kile kile kinachotumika kwa kukata kitambaa au kukata simu. Mguu ukiinuka, husema klachi "inaungwa". Mtendaji ni dereva katika hali zote mbili, na vitenzi havipishani. Hatusemi tuige, ingawa kukata na kuunga vingekaa vizuri katika Kiswahili, maana sisi pia hukata simu na kuunga nyaya. Tunasema tu kwamba wao waliona haja ya jozi ya vitenzi. Pendekezo letu kwa watafsiri ni la unyenyekevu zaidi: mguu na upewe kukanyaga na kuinua, "kanyaga klachi hadi mwisho", "inua mguu pole pole", sahani na iachiwe kushika na kuachia, na katika maandishi ya maelekezo pasiandikwe kamwe "achia klachi" bila mguu kutajwa. Madereva wataendelea kusema watakavyo, na wana haki.

Kati ya kukanyaga na kuinua kuna mahali padogo ambapo klachi inaanza kushika, na huko ndiko mwanafunzi anakopotelea. Waingereza husema klachi inang'ata. Tumeona mahali pamoja ikitafsiriwa "nukta ya kung'ata", kana kwamba kuna mbwa chini ya pedali. Mzee wetu hakuwa na nomino ya mahali hapo. Alisema: "Sikilizia." Akafafanua kwamba sauti ya injini itakuwa nzito, gari litatetemeka kidogo kama linalotaka kwenda, na hapo mguu utulie. Kusikilizia ni kutega hisi zote, wala si sikio peke yake, kwa jambo ambalo linakaribia lakini halijatimia. Mama husikilizia homa ya mtoto kama imeshuka, na mgonjwa husikilizia dawa. Hatujui lugha nyingine iliyo na kitenzi kinachofaa zaidi kwa kazi ile ya mguu wa kushoto. Tungependa kukiona kimeingizwa katika kamusi kwa maana hii, pamoja na mfano wa klachi.

Neno tusilolipenda ni balansi. Katika shule za udereva husemwa "balansi gari mlimani", yaani zuia gari lisirudi nyuma kwa kushikilia klachi pale inapoanza kushika na kuongeza mafuta kidogo, bila breki. Kwanza neno hilo lina kazi nyingine gereji, ambako balansi ni kusawazisha uzito wa magurudumu. Pili, na hili ndilo kubwa, lina sauti ya sifa: anayebalansi huonekana hodari. Kwa kweli muda wote huo sahani inateleza chini ya bamba lake na kupata moto. Dereva anayebalansi kwa dakika nzima katika foleni ya mlimani anaichoma klachi yake, na harufu humfikia hata aliye gari la nyuma. Sisi tulibalansi kwa miezi minne, tukajiona tumehitimu, hata fundi alipolifungua gari akatuonyesha sahani iliyobaki nyembamba kama shilingi. Wajapani huita hali hiyo "nusu klachi", jina lisilosifu wala kulaumu, nasi tungelipendelea: weka nusu klachi kwa muda wa kuondoka tu; kusimama, tumia breki ya mkono. Jina likiwa la haki, mafunzo nayo huwa rahisi.

Kuhusu gari kuzima, Kiswahili kimejaliwa utajiri ambao tungefanya kosa kuukata kwa usanifishaji. Kwa kuwa injini tuliipa lugha ya moto na taa tangu mwanzo, nayo huwashwa na kuzimwa. Dereva akizungusha ufunguo, amelizima gari. Gari likikosa nguvu kwa sababu mguu umeinuliwa haraka, limezimika. Na likifanya hivyo katikati ya makutano ya barabara, huku magari yakipiga honi pande zote, limemzimikia. Kinyambuo hicho cha mwisho hubeba tukio, aliyeumizwa nalo, na hata aibu yake. Wajerumani huona dereva amelinyonga gari, na mzee wetu bila kuwajua Wajerumani alituambia mara nyingi, "Mwalimu, usilikabe." Wajapani wamebaki na ufupisho wa maneno mawili ya Kiingereza. Mtafsiri wa taarifa za ajali na azingatie tofauti hii kwa makini, kwa maana kati ya "alizima gari" na "gari lilimzimikia" kuna swali ambalo hakimu atauliza: je, alikusudia?

Tumeliacha nyuma jambo linalotutia hofu kuliko yote. Katika mteremko mrefu, kama ule wa Kitonga mkoani Iringa au barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo, dereva hufundishwa kushuka kwa gia inayolifanya gari liende polepole, ili injini yenyewe ilizuie gari. Anayeshuka kwa breki tupu huzitia moto, na breki zikipata moto mno hupoteza nguvu ya kushika. Gia hiyo inaitwaje? Kiingereza husema ya chini, kwa kufuata hesabu ya namba. Tuliwauliza madereva na mafundi. Wengine walisema gia nzito. Wengine walisema gia kubwa, na walipotakiwa waonyeshe wakaweka mkono kwenye namba moja au mbili. Wana sababu: ndani ya giaboksi, gurudumu la meno linalopokea nguvu kwa namba moja ni kubwa kuliko lile la namba tano. Vijana waliojifunza juzi, wakiulizwa gia kubwa, walitaja namba tano na sita bila kusita, kwa kuwa sita ni kubwa kuliko moja, na nani atawabishia?

Hebu fikiria, ndugu msomaji, kibao kilichoandikwa "Weka gia kubwa" kileleni mwa mteremko. Nusu ya wanaokisoma watafanya kinyume cha nusu nyingine, na kila mmoja atakuwa ametii. Kwa maoni yetu "gia kubwa" na "gia ndogo" yasitumike kabisa katika vibao, vitabu vya mafunzo wala mitihani, hata kama yana asili nzuri gereji. "Gia ya chini" ni afadhali, lakini haina mizizi kwa dereva asiyesoma Kiingereza, na baadhi walidhani tunaulizia gia iliyo upande wa chini pale mkono unapovutwa kwenda nyuma, yaani namba mbili, nne na sita. "Gia nzito" ndilo neno ambalo hakuna hata mmoja kati ya tuliowauliza aliyelikosea. Uzito wake husikika: injini hulia kwa nguvu, gari hukaa kama lililofungwa kamba. Panapokuwa na nafasi kibaoni, namba yenyewe itajwe.

Kuna maneno ambayo hatukuyapatia jawabu. Madereva wa malori ya zamani, ambayo giaboksi zake hazikuwa na vifaa vya kulinganisha mwendo wa meno, walikanyaga klachi mara mbili kwa kila gia: mara ya kwanza kutoa, mara ya pili kuingiza, na katikati yake kupiga resi kidogo gia ikiwa fri. Mzee wetu huliita jambo hilo dabo, na hulifanya hadi leo hata katika Altezza yetu isiyolihitaji, tena kwa ulaini ambao abiria hatambui kwamba gia imebadilika. Alipoulizwa kama palikuwa na neno jingine, alisema wenzake wa njia ya Tunduma walikuwa nalo, ila amelisahau. Msomaji anayelijua, au aliye na mzazi aliyeendesha malori katika njia hiyo, tunamwomba atuandikie kupitia mhariri, atuambie neno lenyewe na jinsi lilivyotumiwa katika sentensi, na hasa lilinyambuliwaje.